Mpunga Kwenye Chumba cha Boila

Mvua ya Juni haikuwa na adabu. Ilinyeshea mpunga uliokwisha kuvunwa. Levina, mjane aliyemlea Digna tangu mama yake alipofariki, aliyavusha magunia yake yote kwenye maji ya magotini hadi mtambo wa majitaka, nje kidogo ya Ifakara.

Boila la dizeli pale lilipasha moto tope la vyoo ili mayai ya minyoo yafe kabla tope halijawa mbolea. Joto lililovuja ukutani lilikausha mpunga wa majirani kila mvua ilipokosea msimu. Hakuna aliyewahi kutoa ruhusa. Ilikuwepo tu.

Levina alimkuta Digna, fundi umeme, akikaza nyaya za hita mpya.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Si mlisema mnazima boila wiki ijayo?"

"Hita zimewahi kufika. Tunazima leo."

"Na hizo zako hazina joto?"

"Joto lote linabaki ndani ya tangi. Ndiyo uzuri wake."

"Uzuri kwa nani?"

Eustaki, mwendesha boila, alikuwa ameketi juu ya ndoo, akikoholea kitambaa. Daktari alishamkataza moshi ule, lakini mwenye leseni ya boila alikuwa yeye peke yake.

"Digna, usimtese mama wa watu," alisema. "Nitaendelea kuwasha mpaka mpunga ukauke. Nikifa, mnianike hapo hapo na mpunga."

Levina akacheka. Digna hakucheka. Alikuwa ameiona damu kwenye kitambaa.

"Tuuanike kwa Nazari, kwenye sakafu ya nje ya mashine yake ya kukoboa," alisema.

"Kwa jua lipi? Hicho ndicho chakula changu, Digna. Na mbegu yangu."

"Najua, mama mdogo. Lakini siwezi."

"Unaweza. Hutaki."

Digna akazima boila, akawasha hita. Umeme wa bwawa la Kidatu ukaingia tangini bila kelele. Levina akaweka kiganja ukutani, akakiacha pale mpaka ukuta ukapoa.

Mvua haikukatika. Mpunga ukaota mizizi myeupe ndani ya magunia, ukanuka uchachu, ukaishia kwa nguruwe wa jirani. Digna akapeleka mchele wa dukani. Levina aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa maneno mengi, kama mtu anavyomshukuru mgeni.

Mwezi uliofuata aliamua kuhamia Mlimba kwa binti yake. Digna alimbebea begi hadi stesheni. Eustaki naye alikuja kuaga. Alitembea kutoka barabarani hadi kwenye behewa bila kusimama kupumzika wala kukohoa, akamshika Levina mkono.

Eustaki alipoondoka, Levina alimfuata kwa macho.

"Anapumua vizuri."

"Ndiyo, mama mdogo."

"Vizuri."

Akapanda treni. Digna alimtafuta dirishani mpaka treni ikaondoka. Levina alikuwa amekaa upande wa pili.