Mkono Uliopona kwa Barua

Kila Jumanne asubuhi Sindano alilala chali kwenye kitanda cha mazoezi, na daktari wa viungo akamwinua mkono wa kulia mpaka pale panapouma. Jina hilo alipewa na wenzake wa kiwanda cha magodoro kwa wembamba wake. Mashine ya kushonea kingo ndiyo iliyomvuta mkono ule, ukaingia hadi begani.

Daktari aliomba vipindi ishirini. Bima iliidhinisha vinane, kwa mujibu wa sera mpya ya wizara. Baada ya cha nane, mkono ukiwa bado haufiki usawa wa kidevu, ikaja barua: mkono wa kulia umepona, unatakiwa kazini Jumatatu.

Jumatatu mkono ukaenda. Ulichomoka begani taratibu, bila damu, kama mtu anavyovua soksi, ukashuka kitandani na kutembea kwa vidole hadi mlangoni. Mumewe, kinyozi, aliufungulia.

"Umeondoka na saa yangu," Sindano alisema.

"Itausaidia kuwahi."

Kiwandani msimamizi aliusifu. Haukuomba ruhusa ya kwenda msalani wala haukupiga soga. Lakini kila ulipovuta kitambaa kizito, Sindano, aliyekuwa jikoni kwake, alikaza meno na kushika ukingo wa meza. Jioni ulirudi umevimba. Aliupakata, akaukanda, akijaribu kukisia kipindi cha tisa kingekuwaje.

Wiki ya pili alikwenda ofisi ya bima. Karani alifungua faili, akaangalia bega tupu, akarudi kwenye faili.

"Mteja wetu ni mkono, mama. Ulete malalamiko wenyewe."

"Hauna mdomo, mwanangu."

"Basi uandike."

"Unatoka kazini saa kumi na moja."

"Sisi tunafunga saa kumi."

Daktari wa viungo, ambaye alikuwa akitafiti majeraha ya bega kwa miaka sita, aliomba kibali cha kuuchunguza mkono. Kamati ya utafiti ilimjibu kwa upole: majeruhi ni yule anayetambuliwa na bima. Mkono ulikuwa umepona. Sindano naye hakuwa na mkono wa kuumia. Kwa hiyo daktari akaja nyumbani Jumapili na utepe wa fundi nguo, akapima uvimbe, akaandika nyuma ya kalenda.

"Nina mgonjwa mmoja tu," alisema.

"Hata mmoja sijatimia," Sindano akamjibu, na wote wawili wakacheka kidogo.

Mwisho wa mwaka wizara ilitangaza kwamba vipindi vinane vimeponya kila mtu, hakuna hata mmoja aliyelalamika. Kwa mafanikio hayo vikapunguzwa kuwa vitano, na miguu ikaingizwa kwenye sera.

Jumatatu iliyofuata kinyozi alisimama mlangoni. Mikono saba ilikuwa ikivuka barabara, na nyuma yake mguu mmoja ukirukaruka. Magari yalisimama kuipisha.

"Huo mguu ni wa nani?" Sindano aliuliza kutoka ndani.

"Wa jirani, yule dereva wa lori."

"Si alivunjika juzi tu?"

"Barua yake ilitoka Ijumaa."

Sindano akavaa viatu, akachukua ndoo kwa mkono wa kushoto, akatoka kwenda kumchotea jirani maji, maana dereva, aliyebaki ndani na mguu mmoja, asingefika bombani.