Mfuko wa Shati la Kiilu

"Mama, ID," askari wa mlangoni alisema, mkono umenyooshwa.

Kanini alimpa kitambulisho chake, akakitazama kikitumbukizwa ndani ya sanduku la mbao pamoja na vya watu wengine. Ndiyo kawaida ya majengo ya katikati ya Nairobi. Mtu mzima mwenye akili zake anamwachia kitambulisho mtu asiyemjua hata jina, anapanda ngazi akipiga soga, wala hageuki nyuma. Kanini aligeuka. Tangu mumewe afungwe, hugeuka kila mara.

Lifti ilikuwa imekufa. Alifika kwa wakili Oyoo akihema, kilemba kimehamia sikioni, na mtu ambaye Kanini alimwona kwanza, kwenye kiti cha wageni, alikuwa yule mwanamke wa Kinoo.

Aliwahi kumwona mara moja tu, siku Kiilu alipohukumiwa. Mwanamke alikuwa ameketi nyuma ya wanakwaya akijifuta machozi kwa leso, na Kanini akasahau hukumu, akasahau hakimu, akabaki kujiuliza nani huyu anayemlilia mume wa mtu. Hakuhitaji kuambiwa. Moyo wake ulimjua papo hapo, na tangu siku hiyo haukutulia.

"Mama Stacy, karibu," Oyoo alisema. "Huyu ni Nasimiyu, ni mwalimu wa nasari huko Kinoo. Amekuja kutusaidia na appeal."

"Nashukuru," Kanini alijibu, akakaa kiti cha mbali.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Hoteli ililipuliwa katika nchi nyingine, watu wakafa. Wapelelezi wa huko wakagundua kwamba walipuaji walikuwa wakipigiwa simu kutoka Kenya, na laini iliyopiga ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha Kiilu, fundi wa stima wa Woodley, mwimba besi kanisani. Polisi walipofika walikuta kisanduku chake kimejaa nyaya na swichi. Mwendesha mashtaka alivimwaga vyote juu ya meza ya korti, na uso wa hakimu ukabadilika. Waumini walisema na kurudia kwamba hawajawahi kusikia gaidi anayefika mazoezi ya kwaya mapema kuliko mwalimu wa kwaya. Haikusaidia. Kiilu alipewa miaka ishirini, na sasa alikuwa amemaliza minne.

"Nimepata kitu," Oyoo alisema. "Kuna watu wawili, ID zao zilisajili laini wasizozijua. Wote walikuwa wamepitia kwa jamaa mmoja wa simu pale Ngara, Kinyanjui. Alifunga kibanda akapotea. Na record inaonyesha hiyo laini ya Kiilu ilisajiliwa Ngara, area hiyo hiyo."

"Na siku hiyo Kiilu alikuwa kwangu," Nasimiyu alisema. "Alikuwa ananiwekea waya kwa nyumba. Alikuwa kwangu hiyo wiki yote."

Kwangu. Kanini alihisi neno hilo likimpita kooni kama mwiba wa samaki.

"Sasa shida ni moja," Oyoo aliendelea. "Kiilu anaapa hajawahi kukanyaga kwa huyo Kinyanjui. Na mimi namwamini. Lakini jaji ataniuliza, kama mtu alikuwa Kinoo, ID yake ilifikaje Ngara? Bila jibu, hatuna kitu." Akamtazama Kanini. "Mama Stacy, wewe unashona hapo Ngara. Hakuna kitu unakumbuka?"

"Hapana," Kanini alisema. "Ningekumbuka ningesema."

Alidanganya, na alidanganya vizuri, maana alikuwa na mazoezi ya miaka minne.

Yote yalianza na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa yanayopikwa na maharagwe. Kanini anajua kupika muthokoi hata mama mkwe wake, Syokau, ambaye hasifu kitu, aliwahi kunyamaza akala mara mbili. Basi wiki ile Kiilu alikuwa akirudi kutoka Kinoo ameshiba. Anakaa, anavua viatu, anaisukuma sahani pembeni kwa adabu. "Nilikula kazini," anasema. Siku ya kwanza Kanini alimwamini. Ya pili alimtazama mdomo. Ya tatu, Kiilu alipoisukuma sahani huku akiimba besi kwa sauti ya chini, Kanini akaapa kwamba lazima amjue mpishi.

Kitambulisho cha Kiilu kilikaa siku zote kwenye mfuko wa shati lake la buluu, na shati lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Mfuko huo ulikuwa hauna kifungo. Kiilu alikuwa ameomba ashonewe kifungo hadi akachoka, na Kanini, fundi wa nguo anayeshonea watu pazia na sare za shule, alikuwa hajapata nafasi. Ndivyo tulivyo, tunawatengenezea watu wa nje. Asubuhi ile aliingiza vidole viwili mfukoni, akatoa kitambulisho, akaenda nacho Ngara kwa Kinyanjui. Akasema mumewe amelazwa, simu imeibwa, laini ifufuliwe haraka. Kinyanjui alimtazama, akacheka kama mtu aliyekwisha kuwaona wake wengi wa namna hiyo, akaifufua laini kwenye simu ya Kanini. "ID niachie hadi kesho, system inasumbua," akasema. Kanini akamwachia. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye simu.

Alishinda na laini ya mumewe mapajani, cherehani imenyamaza. Ujumbe ukaingia mmoja tu wa maana, kutoka namba asiyoijua: "Fundi, nimekuwekea chakula. Nasimiyu, Kinoo."

Kesho yake alirudisha kila kitu. Kiilu alilalamikia mtandao, akaenda kufufua laini yake, mambo yakaisha. Hadi polisi walipobisha.

Siku waliyomchukua Kiilu, Kanini alikuwa na nafasi ya kusema, na siku ya hukumu vilevile. Hakusema. Aliogopa kufungwa amwache mtoto wao, Stacy, hilo ni kweli. Lakini kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi, alilolificha hata kanisani akiwa amefumba macho. Gerezani hakukuwa na Kinoo. Huko, angalau, hakuna aliyemwekea chakula. Basi akanyamaza, na kwa kunyamaza akashindwa kwenda kumwona, kwa sababu kila alipokwenda Kiilu alimshukuru kwa kuja, na shukrani zile zilimchoma kuliko matusi. Mwishowe akawa anatuma sabuni na salamu kwa wanakwaya.

Alitoka kwa wakili, akachukua kitambulisho chake kwa askari, na badala ya kurudi Ngara akaenda Kinoo, akaulizia kwa mwalimu wa nasari.

Nyumba ya Nasimiyu ilikuwa ndani kidogo kutoka Waiyaki Way, nyumba ya mawe aliyoijenga polepole tangu mumewe afe. Sebuleni taa iliwaka. Ila mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi, na Kanini akaona nyaya zikining'inia darini, nyekundu na nyeusi, ncha zimefungwa kwa utepe, vumbi juu yake.

"Hukupata fundi mwingine?" aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Wapo wengi," Nasimiyu alisema. "Nilimwambia atamaliza mwenyewe akitoka."

Miaka minne mtu analala gizani kwa ajili ya mume wa mwenzake! Kanini alitamani kuzirarua nyaya zile kwa meno.

"Ulikuwa unalala na yeye?"

"Mama Stacy, keti kwanza."

"Sikukuja kuketi. Nijibu."

Nasimiyu alivuta kiti akaketi yeye. "Wakati huo? Hapana. Haki ya Mungu. Alikuwa fundi, mimi mwenye nyumba. Kila fundi akija hapa nampikia, mjenzi, wa mabati, wote. Kwetu mtu hawezi kukufanyia kazi akae njaa. Alikuwa anasema lazima aharakishe kurudi, bibi yake anajua kupika muthokoi."

Kanini alikuwa amejitayarisha kusikia ndiyo. Miaka yote hiyo alikuwa ameishi kwa ile ndiyo, ameila, ameilalia, ameifanya sababu. Sasa ameambiwa haikuwepo.

"Na sasa?" sauti yake ilitoka ndogo.

Nasimiyu hakuinamisha macho. "Sasa sitakudanganya. Nilienda kumwona mara ya kwanza juu ya huruma. Nikasikia wewe huendi. Nikarudi. Ananiuliza kama Stacy amepita mtihani, na mimi simjui Stacy, inabidi niulize watu wa kwaya ndio nimpelekee jibu. Ukifanya hivyo kila mwezi, dada, moyo si mawe. Sasa kuna kitu. Kwake pia."

Kwa hiyo Kinoo ilikuwa imefika gerezani. Wakati yeye ameketi Woodley akijifariji kwamba mume yuko mahali salama, mwenzake alikuwa akiingia kwa lango kubwa, mchana, amebeba habari za mtoto wake.

Ningependa kusema kwamba Kanini alirudi kwa wakili kwa sababu dhamiri ilimsuta. Ilimsuta kweli, lakini ilikuwa imemsuta miaka minne na hakwenda popote. Kilichomrudisha ni wivu uleule uliompeleka kwa Kinyanjui. Alitaka Kiilu atoke nje, yeye Kanini awe anamwona kwa macho yake mwenyewe. Na kulikuwa na jambo jingine: hakuweza kuvumilia wazo kwamba siku moja watu watasema Nasimiyu ndiye aliyemtoa Kiilu. Kama kuna mwanamke wa kumtoa, alijiambia akipanda zile ngazi kwa mara ya pili, ni mimi.

Oyoo alimsikiliza hadi mwisho, kalamu mkononi, bila kuandika neno. Kisha akamwonya. "Mama, ukisema haya kortini wanaweza kukushtaki wewe. Unaelewa? Na Kiilu atakuwa ameketi pale anasikia."

"Akisikia asikie," Kanini alisema, ingawa hilo la pili ndilo lililomtetemesha.

Jaji alikubali ushahidi mpya. Siku ya kusikizwa wanakwaya walijaza viti vya mbele, Nasimiyu nyuma yao, na Kiilu akaletwa amevaa sare ya wafungwa, amekonda, mvi zimeingia. Alipomwona Kanini kizimbani alitabasamu. Bado hakujua.

Kanini alisema yote: mfuko, kibanda, uongo wa hospitali, kitambulisho kilicholala kwa Kinyanjui. Wakili wa serikali akasimama, kijana mwenye suti ya kubana, akauliza kwa dharau, "Mama, unataka mahakama iamini kwamba uliiba kitambulisho cha mume wako. Kwa nini hasa?"

"Kwa sababu hakula muthokoi."

Watu wakacheka, mpaka askari wa korti. Jaji hakucheka. Wala Kiilu. Tabasamu lilikuwa limemtoka usoni kidogo kidogo, na sasa alimtazama mkewe jinsi mtu anavyotazama swichi iliyompiga shoti, swichi aliyoifunga kwa mikono yake mwenyewe. Kijana wa serikali akambana kwa maswali, Kanini akajibu moja baada ya jingine, macho kwa jaji, maana upande ule mwingine hakuweza tena kuangalia.

Hukumu ya rufaa ilikuja baada ya wiki kadhaa. Jaji alisema laini ile haikuthibitishwa kuwa ya Kiilu, na kwamba kuwa na nyaya si kosa kwa fundi wa stima. Hatia ikafutwa. Vigelegele vilipanda hadi karani akagonga meza.

Jioni ya kuamkia siku hiyo Kanini alikuwa amelichukua lile shati la buluu, akalifua, akalipiga pasi. Kisha akakaa kwenye cherehani yake akatafuta kifungo kinachofanana na vingine, akakishona kwenye mfuko kwa mkono, uzi mara mbili. Na asubuhi akapika muthokoi, akautia kwenye hotpoti kubwa, na shati akampa askari wa korti amfikishie Kiilu.

Uani mwa korti Kiilu alitoka amevaa shati hilo. Watu walimzunguka, wakamkumbatia, wakaimba. Nasimiyu alisimama kando kwenye ngazi, naye ana hotpoti. Kanini aliiona, na hata katika saa ile, Mungu amsamehe, aliipima kwa macho akaona ya kwake ni kubwa zaidi.

Kiilu akaja kwake. Alichukua hotpoti, akaketi kwenye ukuta mfupi, akala. Alikula polepole, bila kusaza, akakwangua hadi chini. Kanini alisimama akimhesabia matonge, na furaha ikampanda kifuani mpaka akamtazama Nasimiyu na kuinua kidevu.

Kiilu akafunga hotpoti, akamrudishia kwa mikono miwili. "Asante sana, Mama Stacy," alisema, kwa sauti ya mgeni aliyekirimiwa vizuri. "Nitakuja Jumapili kumwona mtoto."

Wakati huo karani wa mahakama alikuwa akimwita. Kitambulisho chake kilikuwa kielelezo cha kesi, na sasa kilirudishwa ndani ya karatasi ya plastiki, na lebo ya korti juu yake. Kiilu aliipasua plastiki. Alikitazama kitambulisho, akajiona kijana pichani, kisha akakitia kwenye mfuko wa shati. Vidole vyake vikapapasa mahali pa kifungo kwa mazoea ya zamani, vikitegemea kutokuta kitu. Vikakuta kifungo.

Alimwangalia Kanini, kwa muda mfupi tu. Akakifunga. Akakivuta kidogo kuona kama kimeshika, kisha akaelekea kwenye ngazi, kwa Nasimiyu.