Visu Vyenye Mkia

...na hivi visu vya kutelezea vimekaa sawa, siwezi kumsingizia fundi Léandre, cha kushoto kimenyooka na cha kulia kimenyooka, kamba za viatu nimezikaza mpaka vidole vinalalamika, kwa hiyo tatizo haliko miguuni, liko mkononi, mkono umeng'ang'ania kilango cha kuingilia barafuni na hautaki kukiachia, bahati yangu mashine ya kulainisha barafu bado inazunguka, inajiendea taratibu kama ng'ombe aliyeshiba, inaacha nyuma yake ukanda wa maji unaong'aa, na maadamu inazunguka hakuna anayeruhusiwa kuingia, hakuna atakayeniuliza, Fernande, unangoja nini, nangoja mashine, sote tunangoja mashine... uongo mtupu, wengine wote wako chumba cha kuvalia wanafunga kamba na kucheka, ni mimi peke yangu niliyesimama hapa kama mgeni asiyekaribishwa, visu vipya chini ya viatu vya zamani, na vina mkia, Mungu wangu, najua vina mkia hata nikiwa nimevivika ala zake za plastiki, chuma kimechomoza nyuma ya kisigino upana wa kidole gumba, kitu kidogo, asiyejua hataona lolote, lakini tangu mwaka nilioolewa sijawahi kuvaa kisu chenye mkia, sisi wa dansi ya wawili visu vyetu vinakatwa nyuma, vifupi makusudi, kwa sababu mwenzio yuko karibu nawe kiasi kwamba mguu wake unatua pale pale ulipotoka wako, mkia ukizidi ataukanyaga na mtakwenda chini wote wawili, kama tulivyokwenda chini mimi na Alyre tukiwa wachumba, tukiwa bado na visu vya kawaida, akaukanyaga mkia wangu katikati ya wolsi, ile dansi yetu ya mizunguko, nikaangukia mdomo, jino hili la mbele si langu, akalia yeye badala yangu, mwanamume mzima kapiga magoti kwenye barafu anatafuta kipande cha jino, na wiki ile ile tukaenda mjini Bathurst tukanunua visu vilivyokatwa, jozi yake na jozi yangu, mama yangu akasema wengine wananunua kitanda kwanza...

"Nani atakukanyaga sasa, Fernande?" aliniuliza hivyo Léandre, mle kwenye kibanda chake cha kunolea, maboksi mawili mkononi, vifupi kushoto, virefu kulia, hakusema kwa ubaya, Léandre hana ubaya, ana mdomo tu, "Virefu vitakushika kwa nyuma, ukiegemea nyuma huendi chali, wewe si msichana tena," nikamwambia na wewe si kijana, akasema, "Mimi sitelezi, mama, mimi nanoa," nikacheka, na katika kucheka kidole changu kikaonyesha vile virefu, haraka, kama mtu anayekubali kung'olewa jino kabla hajaghairi, na nimekuwa nikighairi tangu hapo, usiku na mchana naghairi... ametia skurubu chache tu, za kujaribia, ndiyo desturi yake, hajazi matundu yote mpaka mguu useme, "Telezea Alhamisi, ukivikubali nakukazia zote, ukivikataa nang'oa nakuwekea vifupi, hakuna ugomvi," yeye anadhani nachagua kati ya virefu na vifupi, hajui kwamba vifupi sitavirudia, nivirudie kwa ajili ya mguu wa nani, nikishindwa leo kusimama peke yangu kwenye barafu hii basi viatu vinakwenda kwenye mnada wa kanisa, na Alhamisi nitakaa nyumbani na televisheni kama wanawake wengine wa umri wangu, nitapika mchuzi wa kuku wa kutosha watu sita nile mimi wiki nzima, hilo ndilo lililoko kwenye kilango hiki, hakuna lingine.

Vile vya zamani vingeendelea ningeendelea navyo, lakini chuma kimekwisha, kimenolewa mpaka kimebaki ufito, "Vile havina tena cha kunoa, utatelezea soli," alisema Léandre, na aliniambia wapi maneno hayo, kwenye ngazi za kanisa, mwezi wa nne, siku ya kumzika Alyre, theluji bado imelundikana kando ya barabara, ile ile theluji aliyokuwa akiizoa kwa koleo moyo ulipomsimama, watu wote wa mji wanapita wanamkumbatia Jeannine, mke aliyemwoa baada yangu, pole Jeannine, jipe moyo Jeannine, na mimi nimesimama pembeni na koti langu jeusi watu wananipita, si kwa dharau, wengi walinitazama, wakafungua mdomo, wakaufunga, maana utamwambia nini mtalaka, pole kwa kufiwa na mume wa mwenzio? mjane ana kiti chake mbele, ana jina, ana haki ya kulia kwa sauti, mimi nilikaa safu za nyuma karibu na mlango wenye baridi nikalia kwa kikohozi, nakohoa ili nipate sababu ya leso, ni Léandre peke yake aliyekuja akanishika kiwiko akasema, "Pole, Fernande. Vipi visu vyako?" na nilimpenda kwa hilo, mjinga yule, kwa sababu ndiye pekee aliyejua nimefiwa na nani...

"Mke mwenzio kaja," hiyo ni sauti ya Léandre, sasa hivi, ameegemea ubao na fagio lake, ananong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka mji wa Tracadie, namwambia si mke mwenzangu, kaulize mahakamani, "Haya, mke mwenzio mstaafu," pumbavu, nani, wapi, nageuza shingo tu bila kugeuza miguu, siviamini visu hivi hata kwenye zulia la mpira... ni yeye kweli, Jeannine, anashuka zile ngazi za watazamaji na kahawa ya kikombe cha karatasi, koti la bluu, amekuja kufanya nini huku, hajawahi kukanyaga hapa, hapa ni kwangu, kanisa mlimpa, makaburi mlimpa, nyumba alipewa na aliyekuwa nayo, hapa ni kwangu, zungusha mashine wewe dereva uliyekaa juu yake, zungusha, usimalize... Léandre alikuwa akituambia talaka yenu ni ya nchi kavu tu, na kila aliyesikia alicheka, lakini ilikuwa kweli, sijui nani angeamini, Alhamisi ya kwanza baada ya hakimu kumaliza nilikuja hapa kuwaambia wanitafutie mwenzi mwingine, au wanitoe kabisa, nimekwisha panga maneno, nikamkuta Alyre amesimama kwenye kilango hiki hiki, ameshavaa, amenyoosha mkono, akasema, "Twende, wolsi inaanza," basi, na mimi mwenye mdomo wote huu nikaushika ule mkono, na tukaushika ule mwendo miaka na miaka, hakuna habari za nyumba kwenye barafu, hakuna nani kaacha mlango wazi nani kanuna tangu Jumapili, muziki ukinyamaza kila mtu anavua kivyake anakwenda kwake, na alipomwoa Jeannine nikasema sasa basi, na Alhamisi yake nikamkuta hapa, mkono umenyooshwa, wolsi inaanza.

Nyumbani tulikuwa tunauana, hilo nalijua, sikutaka hata siku moja kurudi, asidhani mtu kwamba nilikuwa namngoja, sikumngoja, kikombe chake nilichokisikia kikigonga sahani asubuhi kilikuwa kinanitoa roho, na yeye ulimi wangu ulikuwa unamtoa roho, maji yakimwagika hayazoleki na sisi tuliyamwaga kwa ndoo, lakini Alhamisi... sasa nani aniambie ile Alhamisi ni nini, ina jina gani, mtu akifiwa na Alhamisi anakaa safu ya ngapi kanisani, "Fernande," Mungu wangu ameshafika, amesimama kando yangu, na amevaa glavu za Alyre, zile za ngozi ya kahawia, zinampwaya mpaka kikombe kinataka kumponyoka, mimi glavu zile nazijua kwa nje, vidole vyake vyote navijua kwa nje, yeye sasa yumo ndani yake, wivu gani huu, wa kuonea wivu glavu, mwanamke wa umri wangu, "Fernande, samahani, Léandre alisema leo mnaanza msimu," Léandre alisema! nitamnyonga kwa kamba za viatu, "nikaona nije niangalie kidogo, sitakusumbua," uangalie nini, namuuliza, hakuna tena cha kuangalia, sikukusudia kumjibu kwa ukali lakini mashine imepita mbele yetu inanguruma na ukitaka kusikika lazima upaze sauti, naye anapaza ya kwake, "Hakuwahi kuniruhusu!" kitu gani, "Hakuwahi kuniruhusu kuja! Kila Alhamisi namwambia twende wote, nitakaa kule juu na kahawa yangu, sitasema kitu, ananiambia kuna baridi, utaugua! Baridi! Mimi niliyekula ujana wangu kiwandani nachambua samaki kwenye barafu, naambiwa kuna baridi!" na anacheka, na kicheko chake kinakatika katikati, na mimi sijui pa kuangalia, naangalia visu vyangu, hakumruhusu, sikuwahi kujua hilo, nilidhani hakutaka kuja, nilidhani anatudharau, wazee wawili wanazunguka kama saa mbovu... hakumruhusu...

"Vipya hivyo?" anavitazama naye, vipya, ndiyo, "Alisema vyenu vimekatwa mkia, ili msikanyagane," alikuambia hayo? "Nilimuuliza siku moja, anavipangusa sebuleni, nikamuuliza mbona vyako vifupi nyuma, akanieleza, nikamwambia basi ungekatwa na wewe hiyo miguu ukiwa jikoni, maana ananikanyaga yule mtu! Jiko lote lile, akigeuka tu kanikanyaga, kidole hiki ukucha haujarudi mpaka leo," ananyanyua buti lake kana kwamba nitauona ukucha kupitia buti, halafu analishusha, halafu anauliza, si kwa sauti ya juu tena, mashine imekwenda upande wa pili, "Wewe alikukanyaga?" na nataka kusema sikumbuki, ni jibu la adabu, lakini nakumbuka, nakumbuka kila wolsi, baada ya lile jino hakunikanyaga, hapana, namwambia, "Hata mara moja?" hata mara moja, na hili ndilo nililolitaka, tangu zile ngazi za kanisa nimekuwa natafuta neno moja la kumchoma nalo, neno moja la kumwambia na mimi nilikuwa naye, leo kaliomba mwenyewe, nimempa, na halina utamu wowote, anakizungusha kikombe ndani ya glavu, anasema, "Basi wewe ndiye uliyempata mzuri," anasema hivyo bila chuki, kama mtu anayekubali bei, na mimi ninayejua nilivyokuwa nakitazama kichwa chake kule mbele kanisani, safu ya kwanza, nikisema kile ni kiti changu kakikalia, na kumbe huyu naye Alhamisi zote alikuwa ameketi nyumbani anakitamani kiti kimoja cha baridi kule juu, hata cha nyuma kabisa, hata karibu na mlango... kila mmoja anaililia nusu aliyonayo mwenzake, na mwenyewe kalala chini ya udongo hana habari, Alyre, mwizi wee, ulitugawa vizuri.

Nyumbani alinikanyaga, Jeannine, nataka kumwambia, usidhani, na mimi nilimkanyaga, tulikanyagana mpaka hakukubaki ukucha, ila hapa tulikubali kukatwa, yeye kidogo na mimi kidogo, upana wa kidole gumba, na kile kidole gumba ndicho nafasi yote aliyoihitaji, tungempa nani aibu kama tungepeana nafasi hiyo na kule nyumbani... lakini sisemi, yatakuwa maneno mengi na yeye ana kahawa inapoa, na nyuma ya visigino vyangu ile nafasi imejaa chuma, nimeigusa sasa hivi, nimeegemea nyuma kidogo tu, nimeshika kilango, nikasikia inanipokea, sikwenda chali, ilikuwa nafasi ya Alyre, naililia, naililia waziwazi na leso sina na kikohozi sina haja nacho, Jeannine ananiona, na safari hii mtu kanitazama, kafungua mdomo, na hakuufunga, "Pole, Fernande," anasema, "pole sana, mama," na ananipa glavu moja nijipanguse, glavu, si leso, hajui hata anachonipa, nami naipokea na kujipangusa nayo, ngozi inanuka mafuta ya gari na sabuni yake... usiende kule juu, namwambia, kaa hapa kwenye benchi la wachezaji, utaona vizuri, ila nitaanguka, nakuonya, meno ya mbele ya visu hivi yako chini kuliko niliyoyazoea, "Ukianguka nifanyeje?" usicheke mpaka nicheke mimi kwanza, na namwita Léandre, anajifanya anafagia na masikio yote yako huku, Léandre! kesho kaza skurubu zote, "Zote? Hujapiga hata hatua moja, bibie!" zote, nimesema, "Na vikikuangusha?" vikiniangusha nitaamka, kaza, anatikisa kichwa, anafagia pale pale alipofagia, Jeannine amekaa na mkono mmoja wa glavu na mmoja mtupu, mashine bado inazunguka, imebakiza ukanda mmoja mkavu katikati, na mkono wangu uko pale pale kwenye kilango, haujasogea, ila sasa ni kweli unangoja mashine.