Kifua cha Nsabimana

Machi 2014, mvua zilipoharibu barabara ya kwenda Kibondo mjini, Claudine alijifungua mtoto njiti kwenye zahanati yetu ya kijijini. Kichanga kilikuwa na kilo moja na nusu. Mama alikuwa amepoteza damu nyingi, yuko kwenye dripu anatetemeka, hawezi kumpakata.

"Rufaa tumeshaandika, Sista Kuruthumu," aliniambia mganga wetu, Mudathiri. "Tusubiri gari. Zaidi ya hapo si kazi yetu."

Nilijaribu kukaa, nikashindwa. Nilitoka nje kusikiliza kama gari linakuja, nikarudi, nikagusa miguu ya mtoto. Ilizidi kupoa. Nikatoka tena. Yule mtoto nilimpokea mimi, na sikuona gari lingenisaidia nini kama lingekuta maiti.

Nikamwita baba yake, Nsabimana. "Vua shati."

"Mwanamume abebe kichanga kifuani? Watu watanicheka, Sista."

"Waache wacheke."

Nikamlaza mtoto kwenye ngozi ya baba yake, nikawafunga pamoja kwa kanga yangu, nikakata soksi nikamvika kama kofia. Kila baada ya dakika chache nilimpima joto. Mudathiri akaenda nyumbani kwake akaleta blanketi.

Gari lilifika saa kumi jioni. Mtoto alikuwa na joto. Nesi wa gari alinyoosha mikono ampokee, Nsabimana akakataa. Akapanda naye hivyo hivyo, kifua wazi, akaketi karibu na machela ya mkewe.

Siku ya tano alinipigia simu: wote wazima.