Bawa Lililorudi Nyumbani

Juu ya meza ya mita sita, aliyokuwa akiungia fito za kaboni za mabawa ya ndege ndogo, fundi alikuwa anapiga pasi shuka. Raha iliyoje kupigia pasi kwenye meza ndefu hivyo, ila yeye raha hakuwa nayo. Mwaka mzima hakuwa ameunga kitu. Ndege ya shemeji yake, mume wa dada, iling'oka bawa la kushoto angani ikaangukia miti, shemeji akavunjika miguu yote miwili, na ripoti ya kilabu cha marubani ikasema kiungo cha fundi kiliachia. Tangu hapo dada yake hakukanyaga kwake. Bawa lenyewe halikuonekana.

Jumanne saa nne asubuhi, bawa likarudi. Lilikuja likiruka chini, likazunguka paa mara moja, likatua kwenye kamba ya nguo bila kudondosha hata kibanio.

"Jirani, umepata mgeni," mama wa nyumba ya pili alisema, akaanua nguo zake kulipa nafasi.

Fundi alilifuta vumbi kwanza, maana limetoka mbali. Akaliingiza ndani, akalipasua ngozi ya chini kwa kisu. Siku zote alichonga ncha za fito mshazari, akazisugua hadi mng'ao uishe, akapaka gundi, akabana, asiguse mpaka kesho yake. Alisahau nini siku ile?

Hakusahau kitu, jamani! Kiungo kilikuwa kizima. Ufito ulikatikia shibiri mbili mbele yake, palipotobolewa kwa keekee ili kupitisha waya wa taa. Ufito wa kaboni hautobolewi. Nguvu zake ni zile nyuzi zilizonyooka toka mwanzo hadi mwisho, ukizikata umebaki na kijiti cheusi. Taa ile ilifungwa na mwenyekiti wa kilabu, baada ya fundi kukabidhi kazi. Ripoti pia aliandika yeye.

Fundi alikaa sakafuni akalia kwa sauti, akacheka, akalia tena. "Si mimi," alisema. "Ee Mungu, si mimi." Halafu akampigia simu dada.

Dada alikuja na kandambili za bafuni, shemeji nyuma na magongo yake. Hakuuliza bawa limefikaje. Alitia kidole kwenye tundu la keekee.

"Kumbe nimekunyima salamu mwaka mzima bure," alisema. "Nisamehe, mdogo wangu."

"Usijali. Hata mimi nilikuwa sijisalimii."

Alasiri mwenyekiti alipita. Alilitazama bawa, akalitazama tundu, akasema faili ya ajali imeshafungwa, tena bawa limetua bila kibali. Akalibandika karatasi ya onyo, akaaga kwa adabu zote. Ripoti ingali ukutani kilabuni, jina la fundi limo, na mwenyekiti amechaguliwa tena bila kupingwa.

"Sasa, shemeji," mwenye magongo alisema, "jingine utaniungia lini?"

"Na miguu hiyo?"

"Kwani bawa linatembea?"

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakaza uso. "Aunge huyu huyu, asiguse mwingine. Na ndege ikiwa tayari, wa kwanza kupanda ni mimi."

Fundi alishusha fito mbili mpya toka darini, akampa dada ncha moja ashike.