Mkandaa na Ubao wa Mashua

Februari 1992, saa mbili asubuhi, shoka lilikuwa limeegemezwa kwenye ubavu wa mashua ya mwisho iliyobaki Fuma, kisiwa cha kusini mwa Somalia. Nyingine mbili zilikwisha kuwa majivu. Wanamgambo sita waliokikalia kisiwa walizipasua ziwe kuni za kupikiwa, na safari hii walikuwa na mbuzi.

Mashua ilikuwa ya Barke na mdogo wake Badi, aliyeiunda. Watu kumi na wanne, wote waliobaki katika ukoo wao, waliitegemea kuwafikisha Kenya. Badi alikwenda kuomba, akasukumwa mpaka akaanguka. Barke hakuomba. Alimwendea mkubwa wa wanamgambo, kijana wa bara aitwaye Mahdi, akamwambia kwa Kisomali kwamba anachagua kuni kama mtu ambaye hajawahi kupika.

Wenzake wakacheka. Mahdi akauliza mbao kavu zina kasoro gani.

"Sitakueleza," Barke alisema. "Washa, uone."

Alipanga mafiga ya majiko mawili, akaingia mashuani na kung'oa ubao mmoja wa sakafu. Badi alimfuata.

"Dada, unawafundisha kuila."

"Ni ubao mmoja," alimjibu. "Ule uliolala chini kabisa."

Jiko la kwanza alilitia ubao huo. La pili alilitia mkandaa, mti wa mikokoni, mzito kama jiwe, kutoka rundo dogo lililobaki jikoni kwake. Kila jiko lilipewa sufuria ya maji ya chai.

Ubao ulishika mara moja. Ulikuwa wa mti laini, na ndimi zake zilipanda juu ya sufuria. Mkandaa ulitoa moshi mwembamba, ukazima, ukawashwa upya. Maji ya ubao yalichemka kwanza, tena mapema sana. Mahdi alimtazama Barke, akamwambia mtu wake achukue shoka.

"Hujala," Barke alisema. "Weka nyama."

Waliweka mbavu juu ya majiko yote mawili. Ubao ulikuwa umebaki vipande vichache, na kila mafuta ya nyama yalipodondoka, vilitoa moto mkubwa na moshi mweusi, kisha vikasinyaa. Nyama iliungua nje, ndani ikabaki mbichi. Mkandaa wakati huo ulikuwa makaa mekundu, hauna moshi, na joto lake lilimrudisha nyuma aliyekaribia. Mbavu zake ziliiva polepole, zikaiva mpaka mfupani.

Mahdi alionja nyama ya ubao. Aliitema.

"Samaki," alisema.

"Papa," Barke alimsahihisha. Alimweleza kwamba kila mashua hapa hupakwa sifa, mafuta ya ini la papa, ndani na nje, mwaka baada ya mwaka, na kwamba mbao za mashua hii zimeyanywa tangu siku ya kuundwa. "Ipasue yote. Mtakula mbuzi wa baharini mpaka iishe."

Mmoja wa wanamgambo alisema hata kwao mbwa hali hicho. Wengine walikwisha kuhamia jiko la pili.

Mahdi aliuliza mkandaa unapatikana wapi. Barke alionyesha ng'ambo, kwenye vijito vya bara. Basi Badi aende akaukate, Mahdi aliamuru. Barke alimjibu kwamba mkandaa haukatwi na mtu mmoja: wanaume huangusha, wanawake hupogoa matawi, watoto hukokota mpaka majini, na kazi yote lazima iishe kabla maji hayajakupwa kijitoni. Hayo yalikuwa kweli. Ndivyo ukoo wao ulivyokata kuni siku zote.

Mahdi alichagua mtu wa kuwalinda. Mtu huyo alipanda mashuani, akatazama pale ubao ulipong'olewa, akaona maji ya ngama, yale yajikusanyayo chini ya chombo, yakicheza kati ya mataruma, mbavu za mashua. Aliuliza kama mashua inazama. Badi alisema bado. Mlinzi alishuka, akasema yeye hajui kuogelea, na kama Mahdi anataka kuni aende mwenyewe.

Mahdi hakwenda. Alikuwa na ubavu mkononi.

"Nyumba zenu ziko hapa," alimwambia Barke.

"Ziko."

Saa tano, Badi alipandisha tanga. Wanamgambo walikuwa wameuzunguka mkandaa, ambao ulikuwa ungali unawaka.

Kesho yake, kabla ya magharibi, mashua ilitia nanga Kiunga, upande wa Kenya. Waliteremka watu kumi na wanne. Hapakuwa na kuni ndani.