Ruta Kwenye Kidaka

Mara ya kwanza mama alipopika mbele ya simu, picha iliganda akiwa amefungua mdomo, mwiko hewani, na Bi Cindy hakuona hata tone la tui likimiminwa.

Bi Cindy ana nyumba ya wageni Watamu, lakini mwenyewe anaishi Nairobi. Alitaka kumwona mpishi akipika kwa mikono yake kabla ya kumpa kazi, maana aliyetangulia alikuwa akinunua mikate sokoni na kusema ni yake. Akatupa nafasi moja tena: leo, baada ya alasiri. Simu ikikatika tena, angechukua mtu mwingine.

Mama anaitaka kazi ile tangu baba alipofariki. Hasemi, lakini alikwisha kushonesha aproni.

Asubuhi nilizunguka nyumba na simu mkononi. Sebuleni waifai ilijaa. Ukumbini ikapungua. Jikoni, ambako meko yamejengwa na hayahamishiki, ikafa kabisa. Mtandao wa simu nao haupenyi kuta zile za matumbawe alizojenga babu alipohamia Malindi kutoka Faza.

"Kwani ruta mmeiweka wapi?" aliuliza Kavata, jirani yetu fundi cherehani, aliyekuja kuleta aproni.

Nikamwonyesha. Ilikuwa ndani ya kabati la vioo, katikati ya masinia ya shaba, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kwetu kila kitu cha umeme kinachoenea mle hukaa mle, kwa sababu hewa ya bahari imekwisha kula redio mbili na televisheni.

Kavata akacheka mpaka akashika kiuno. "Bi Zuleikha, umeitia ndani kama biharusi! Hayo mawimbi yatatoka vipi, yapige hodi kwenye sinia?"

"Cheka tu," mama akamjibu. "Kwenu Machakos chumvi mnaiona kwenye sahani."

Niliitoa, nikaiweka juu ya kabati. Jikoni ukatokea mstari mmoja, ukapotea. Shaba nilikuwa nimeiondoa, ulibaki ukuta.

Nikaanza kuugonga ukuta wa upande wa jikoni. Du, du, du, mawe matupu. Nilipofika kwenye kidaka, kile kishimo cha ukutani mama anamopanga mabakuli ya marehemu bibi, sauti ikabadilika. Ko, ko. Ubao.

"Mama, hapa nyuma pana nini?"

"Palikuwa dirisha. Babu yako aliliziba kwa mbao alipoongeza jiko."

Mabakuli yale hata vumbi hufutwa na mama peke yake.

"Naomba ruta ikae hapa," nilisema.

"Hapana. Hapo ni pahala pa bibi yako."

Kwa kawaida ningenyamaza, nikaenda kulia chumbani. "Mama, kuta zote ni nene. Hapa tu ndipo pembamba. Ama mabakuli, ama Watamu."

Mama alinitazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha. Kisha akayashusha mabakuli, moja moja, kila moja akilifuta kwa ncha ya leso.

"Haya, lete hicho kidude chako."

Waya ulifika kwa kunyooshwa. Nikakimbilia jikoni. Mistari yote!

Baada ya alasiri Bi Cindy akapiga. "Shikamoo, Bi Zuleikha."

"Marahaba, mwanangu. Leo mkate wa sinia."

Nilishika simu kwa mikono miwili. Mama akamimina mchele uliosagwa kwa tui na hiliki, akafunika, akapanga makaa juu ya kifuniko. Hakuwa na haraka. Alieleza kila kitu, hata namna ya kunusa mkate ukiwa tayari. Alipofunua, mkate umeumuka, rangi ya dhahabu, Bi Cindy akatulia tuli kwenye kioo cha simu. Nikajua basi, imeganda.

Kumbe alikuwa akitazama tu.

"Unaweza kuanza lini?" akauliza taratibu.

"Jumatatu. Lakini Ijumaa sipiki mpaka watu watoke msikitini."

"Sawa, mama. Nimekubali."

Nikapiga kigelegele. Mimi! Kavata akakipokea kutoka kwake, ng'ambo ya ua, na Bi Cindy akaanza kucheka na kuaga.

"Unakwenda wapi?" mama akamwambia, kisu mkononi. "Ngoja kwanza, bado hujauona ndani."